Unga wa nano wa zinki oksaidi kwa maganda ya machungwa ya Muheza: mwongozo kamili kuanzia ganda mpaka matumizi

Wadau habari zenu. Ukipita Ngamiani au soko la Mgandini hapa Tanga wakati machungwa ya Muheza yamejaa mjini, chini ya kila mkokoteni wa muuza machungwa unakuta rundo la maganda, yale membamba ya kijani anayoyamenya kwa kisu yakatoka utepe mrefu mmoja bila kukatika, jioni yanazolewa yanaenda dampo. Sasa maganda hayo hayo ni malighafi nzuri sana ya kutengenezea unga wa nano wa zinki oksaidi, yani unga mweupe wenye chembe ndogo mno, na vijana wengi wa sayansi hapa Tanga wananiuliza jinsi ya kuufanya kwa project za shule na chuo, kwa hiyo nimeona niandike yote kwa mpangilio, na vipimo vyake, na sehemu ambazo watu huwa wanajidanganya.

Nianze na hilo la kujidanganya maana ndo kubwa kuliko yote. Maelezo mengi yanayozunguka yanasema mmea "unaipunguza" zinki mpaka inakuwa nano. Kwa fedha na dhahabu hiyo ni kweli, kule mmea unatoa elektroni na chumvi ya fedha inageuka kuwa fedha yenyewe. Kwenye zinki oksaidi hakuna kitu kama hicho, zinki inaingia ikiwa na chaji ya +2 na inatoka na +2 ile ile. Kinachotengeneza oksaidi ni kostiki (sodiamu haidroksaidi) na moto. Kazi ya ganda ni nyingine, zile flavonoidi, pektini na asidi ya sitriki zilizomo zinashika juu ya uso wa chembe zikiwa bado changa, zinazizuia zisikue ovyo na zisigandane. Yani mmea ni wa kudhibiti saizi na umbo. Ukishaelewa hapo utaelewa kwa nini nasisitiza kila mara utengeneze bechi mbili, moja yenye maji ya maganda na nyingine isiyo nayo kabisa, vitu vingine vyote sawa. Bila hiyo ya pili huna namna ya kujua kama ganda limefanya chochote, na mi binafsi project isiyo na bechi ya pili siihesabu kama imekamilika.

Kuhusu ukubwa, nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na tunaita nano kitu chenye chembe za kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo hakuna mtu atakayeziona kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida ya shule.

Vitu vya kutafuta. Zinki asetati yenye maji mawili ndani yake (kwenye kopo imeandikwa uzito wa molekuli 219.5), kostiki soda, maji ya distili, ethanoli kidogo ya kuoshea, karatasi za pH (za kupimia ukali wa asidi au kostiki), mizani ya dijitali inayosoma angalau gramu 0.01, bika za glasi, karatasi ya chujio, hotpleti yenye sumaku ya kukoroga, oveni, na fanesi (tanuru) ya maabara inayofika nyuzi 400. Kemikali nunua kupitia shule au chuo chako, maana kemikali nchini ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kupitia taasisi unapata kitu chenye lebo kamili na unajua usafi wake. Kostiki ya watengeneza sabuni inafaa kwa kujifunzia ila kama matokeo unataka kuyaandika kwenye ripoti tafuta ya maabara. Maji ya distili watu wananunua yale ya kuongezea kwenye betri, sawa, lakini soma chupa vizuri sana maana dukani yanakaa jirani na asidi ya betri na chupa zinafanana.

Na sufuria ya alumini usiitumie hata kidogo, kostiki inaila alumini na inatoa hewa ya haidrojeni ambayo inawaka. Glasi au stainless tu.

Kwa nini asetati na si nitrati wakati watu wengi wanatumia zinki nitrati? Nitrati ikichanganyika na vitu vya mmea afu ukaipasha mpaka ikauke inaweza kuwaka ghafla yenyewe na kutoa moshi wa kahawia ambao ni sumu kwa mapafu. Kwenye maabara yenye chemba ya kuvutia hewa sawa, lakini maabara zetu nyingi dirisha ndo chemba, kwa hiyo chukua asetati, itakutolea harufu ya siki basi.

Haya tuanze na maganda. Mwombe muuza machungwa maganda ya siku hiyo hiyo, yasiwe yamelala na kuanza kuvunda, osha kwa maji ya bomba mara mbili tatu afu suuza na ya distili. Yaanike kivulini juu ya kitambaa safi mpaka yakikunjwa yanavunjika kwa mlio, hewa yetu ya pwani ina unyevu kwa hiyo ukiona hayakauki yamalizie kwenye oveni ya nyuzi 50 hivi, usipitishe hapo. Saga kwenye blenda, chekecha. Huo unga weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, utakaa.

Pima gramu 10 za unga, weka kwenye maji ya distili mililita 200, pasha nyuzi 70 mpaka 80 kwa nusu saa huku ukikoroga. Usiache ichemke kwa nguvu, ikichemka sana pektini inatoka nyingi maji yanakuwa mazito kama uji mwepesi na kuyachuja utakesha. Iache ipoe, chuja kwanza kwa kitambaa cheupe safi halafu kwa karatasi ya chujio. Utapata maji ya njano yenye harufu ya chungwa na asidi kidogo. Tumia siku hiyo hiyo, au weka friji siku chache tu, ukiona utando juu mwaga uanze upya. Andika kila kitu: machungwa yametoka wapi, yalikuwa mabichi au yameiva, ulikausha vipi. Ganda la leo na ganda la mwezi ujao havina kemikali sawasawa, na hii ndo sababu kubwa watu wanarudia kazi ya mwenzao na hawapati kitu kile kile.

Sasa kazi yenyewe. Pima zinki asetati gramu 2.2, iyeyushe kwenye mililita 100 za maji ya distili, hapo una myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Pembeni tengeneza kostiki ya 1 M, yani gramu 4 kwenye mililita 100, na hapa utaratibu ni kostiki ndo inaingia kwenye maji, kidogo kidogo, si maji kumwagwa juu ya kostiki, maana inatoa joto kali na inaweza kuruka usoni. Miwani na glavu tangu mwanzo. Ikiingia jichoni unaosha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 au zaidi afu hospitali moja kwa moja, usisubiri uone kama itatulia.

Weka bika ya zinki kwenye hotpleti, nyuzi 60 mpaka 70, sumaku inazunguka, mimina mililita 20 za maji ya maganda (kwenye bechi ya kulinganisha weka mililita 20 za maji ya distili), acha dakika kumi hivi vichanganyike. Afu anza kudondosha kostiki kwa pipeti, tone kwa tone, na hapa ndo pa kukaa na kuangalia usiende kupiga stori. Tone la kwanza linaanguka unaona wingu jeupe linatokea pale pale lilipoangukia na linapotea linavyozungushwa, tone linalofuata wingu linachelewa kidogo kupotea, baadaye halipotei tena na bika nzima inakuwa kama maziwa. Ile yenye ganda itaelekea rangi ya njano. Wengi wakiona njano wanashangilia kuwa nano imepatikana, hapana jamani, flavonoidi za machungwa zikikutana na kostiki zinakuwa njano zenyewe hata kama hakuna zinki ndani. Jaribu kudondosha kostiki kwenye maji ya maganda matupu utaiona njano hiyo hiyo.

Kwa hesabu, zinki uliyoweka inahitaji kostiki ya 1 M mililita 20, na nyongeza kidogo ya kuua asidi ya maganda. Wewe fuata pH, ikifika kati ya 10 na 11 simama. Usijisemee ngoja niongeze itoke zaidi, maana zinki ina tabia ya pande mbili, kostiki ikizidi sana ule weupe unaanza kuyeyuka tena unarudi majini na unga unaupoteza. Ukishafika pH hiyo acha ikoroge kwa joto lile lile masaa mawili, ifunike.

Baada ya hapo kama una sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili unga ukae chini) vizuri, mzunguko wa 4,000 au 5,000 kwa dakika, dakika kumi. Kama huna funika bika uiache usiku kucha, asubuhi unga umekaa chini na maji yako juu, yamwage taratibu kwenye ndoo ya taka (usiyamwage sinki, nitaeleza mwishoni). Ongeza maji ya distili mapya, koroga, acha itulie, mwaga tena. Rudia mpaka karatasi ya pH ionyeshe 7 au 8, afu mara ya mwisho osha kwa ethanoli. Hatua ya kuosha watu wanaipuuza, na huko kuipuuza ndo kunaharibu kazi nyingi, kwa sababu ndani umebaki na sodiamu asetati ambayo ukiipeleka kwenye moto inaweza kugeuka sodiamu kaboneti na inabaki ndani ya unga wako ikijifanya ni zinki.

Kausha nyuzi 80 usiku mzima, ponda kwenye kinu kidogo cha kauri huku umevaa barakoa nzuri ya aina ya N95, vumbi hili si la kuvuta. Weka kwenye kruzibo (kikombe kinachostahimili moto) ya kauri, usijaze, mfuniko uache upenyo, ingiza kwenye fanesi upandishe joto taratibu nyuzi 5 kwa dakika mpaka 400, kaa hapo masaa mawili, zima na iache ipoe humo humo. Jiko la mkaa halifai, huwezi kulidhibiti, na joto likipita sana 600 chembe zinaanza kushikana na kukua, unakuwa umeunguza gesi na mda kupata unga wa kawaida tu unaouzwa dukani kwa bei ndogo.

Kabla hujatafuta mashine kuna vipimo vya bure vya kufanya mezani. Cha kwanza rangi: unga uwe mweupe au krimu kidogo, ukiwa wa kijivu bado kuna kaboni ya maganda haijaungua, rudisha fanesi. Cha pili, na hiki nakipenda sana, chukua unga kidogo uupashe kwenye kruzibo, zinki oksaidi ikiwa ya moto inageuka njano na ikipoa inarudi nyeupe, unaiona kwa macho kabisa rangi ikiondoka inavyopoa. Cha tatu dondoshea siki au asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa juu ya unga kidogo, zinki oksaidi inayeyuka kimya kimya bila mapovu, ukiona mapovu kuna kaboneti, yani hukuosha vizuri. Cha nne mizani. Gramu 2.2 za asetati haziwezi kukupa zaidi ya gramu 0.82 za zinki oksaidi, ndo mwisho wa hesabu. Ukipata 0.6 umefanya vizuri. Ukipata 1.2 usifurahi, uzito uliozidi ni chumvi, maji au kaboni.

Vipimo hivyo vinakwambia una zinki oksaidi, haviwezi kukwambia ni nano. Hata ile ya kumulika leza kwenye maji ukaona mstari wa mwanga haitoshi, chembe kubwa zaidi nazo zinaonyesha mstari. Hapo inabidi uulizie vyuoni, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) au Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, uombe kupimiwa sampuli zako mbili. Kwenye mashine ya UV (inayopima mwanga wa urujuanimno unaofyonzwa na unga) utafuta kilele maeneo ya nanomita 360 mpaka 380. Kwenye eksirei ya fuwele (XRD) vilele vikubwa vitatu vya zinki oksaidi vinakaa kwenye digrii 31.8, 34.4 na 36.3. Saizi unaipata kwa fomula ya Scherrer: 0.9 zidisha urefu wa wimbi la eksirei (nanomita 0.15406 kama mashine inatumia shaba), gawa kwa upana wa kilele uliogeuzwa radiani mara kosaini ya nusu ya ile digrii. Mfano kilele cha 36.3 kina upana wa digrii 0.5, hiyo ni radiani 0.00873, kosaini ya 18.15 ni 0.95, jibu linakuja kama nanomita 17. Watu wanasahau kugawa digrii kwa mbili na wanasahau kugeuza radiani, majibu yanatoka ya ajabu. Bechi yenye ganda ikitoka saizi ile ile na isiyo na ganda, andika hivyo hivyo, hayo nayo ni matokeo.

Matumizi sasa. La kuanzia nalo ni kufifisha rangi kwenye maji kwa jua, kwa sababu linafanyika popote na linaonekana, na wanaotia rangi batiki na ukili wanamwaga maji ya rangi kila siku. Tengeneza maji ya methilini bluu (rangi ya buluu ya maabara) miligramu 10 kwa lita moja. Chukua glasi nne za mililita 100: ya kwanza rangi tupu juani, ya pili rangi na unga wa ganda gramu 0.1 ila ifunge gizani, ya tatu rangi na unga wa ganda juani, ya nne rangi na unga usio na ganda juani. Kabla ya jua zote zikae gizani nusu saa huku zikikorogwa, ili rangi inayonata tu kwenye unga imalizane kwanza, usije ukaihesabu kuwa imevunjwa. Zitoe saa tano asubuhi mpaka saa saba mchana, jua la Tanga mda huo halina mchezo, koroga mara kwa mara, na kila baada ya robo saa toa kidogo, acha unga utulie, piga picha juu ya karatasi nyeupe. Mara nyingi glasi ya tatu na ya nne zinafifia ndani ya saa moja au mbili. Ya kwanza nayo itafifia kidogo, jua lenyewe linaila hiyo rangi, ndo maana ipo. Unga unaukusanya, unaosha na kutumia tena. Ila maji hayo si ya kunywa, rangi kupotea si kusema kila kilichomo kimeisha, na zinki kidogo inayeyuka inabaki.

Shambani. Mahindi yakikosa zinki majani machanga yanatoa michirizi iliyopauka pande mbili za mshipa wa kati, na ardhi zetu za pwani zenye chokaa ya matumbawe pH iko juu kwa hiyo zinki hata ikiwepo mmea hauipati kirahisi. Unga huu unaweza kunyunyiziwa kwenye majani, lakini shindano lake ni zinki salfeti ambayo ni rahisi na inajulikana, kwa hiyo linganisha kwa haki, zinki iwe sawa pande zote. Gramu 0.1 ya unga kwa lita ina zinki miligramu 80, na zinki salfeti yenye maji saba ina zinki kama asilimia 22.7, kwa hiyo unahitaji gramu 0.35 kwa lita kupata zinki ile ile. Mstari mmoja maji matupu, mmoja salfeti, mmoja nano, rudia mistari hiyo sehemu kadhaa za shamba, nyunyiza jioni upepo ukiwa umelala na barakoa usoni. Bechi yako moja inatosha lita sita hivi, kwa hiyo ni jaribio la mistari, si la heka. Kabla ya yote pima udongo, TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa kilimo) wako hapo Muheza, waulize. Kwenye mchicha na mboga nyingine za majani usijaribu.

Kuua bakteria, hilo lifanyike maabara ya mikrobiolojia chini ya mtu anayejua, kwa sahani zenye Staphylococcus na E. coli, na lazima uweke pembeni maji ya maganda peke yake na zinki asetati peke yake, maana zote mbili zinaweza kuzuia bakteria bila nano yoyote. Usipake kidonda, usimpe mtu anywe.

Na kuna jambo la losheni ya jua naomba tusikilizane kabisa. Ni kweli zinki oksaidi inazuia miale ya UV ya aina zote mbili, ndo imo kwenye losheni nyingi. Lakini ndugu zetu wenye ualbino ngozi yao inategemea losheni iliyopimwa, ya kuchanganyia nyumbani inaweza kuwa na madoa ambayo hayana kinga kabisa na mtu akashinda juani akiamini yuko salama. Losheni ya Kilisun imeanzia hospitali ya KCMC Moshi, inatengenezwa hapa hapa nchini kwa ajili yao, muulize daktari wa ngozi namna ya kuipata. Unga wa project ubaki kwenye project.

Ukitaka kwenda kwenye metali nyingine njia haibadiliki sana. Kopa oksaidi inatoka nyeusi na ina sumu kali zaidi kwa samaki. Kwa chuma angalia kitu kimoja, ukimwaga maji ya majani ya mpera kwenye chumvi ya chuma yanakuwa meusi papo hapo kama wino, huo weusi ni tanini zimeshikana na chuma, bado si oksaidi, usiseme umeipata kwa rangi peke yake.

Taka sasa, nilisema nitarudi. Zinki kwa mtu ni kirutubisho ila kwa samaki wachanga, mwani na viumbe vidogo vya majini ni sumu hata ikiwa kidogo, na mifereji yetu mingi mwisho wake ni baharini, bahari hii hii yenye mikoko na hifadhi ya silikanti (yule samaki wa kale) iliyotangazwa mwaka 2009. Kwa hiyo maji yote ya kuoshea yakusanye kwenye ndoo moja ya plastiki, pima pH, irudishe kwenye 9 hivi kwa siki au kostiki kidogo, iache siku mbili zinki iliyobaki ikae chini. Maji ya juu chuja, muulize msimamizi wa maabara pa kuyapeleka, tope kausha uliweke kwenye chupa pamoja na unga wowote usioutaka, andika juu jina, tarehe na neno sumu kwa samaki, mkabidhi msimamizi wa maabara. Na yale maganda uliyoyachuja mwanzoni, kabla hayajakutana na kemikali yoyote, hayo peleka kwenye mboji.